Kisanduku Kisicho na Kelele

Hadiski ya Fartun, ile diski ya nje alikohifadhi picha, ilianza kugonga wakati wa joto la adhuhuri, saa ambayo hata mbuzi wa mtaa wa Iftin hawana hamu ya kupigana. Tik, kisha kimya. Tik, tik, kisha kimya. Fartun aliondoa mikono kwenye laptopu akabaki akiitazama hadiski kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeamka na homa. Ndani ya kile kidude cheusi mlikuwa na harusi zote alizopiga tangu aanze kazi yake, yaani upande wa wanawake wa harusi hizo. Na kwa asiyejua Garissa, upande wa wanawake ndiko harusi iliko. Kwa wanaume kuna nyama, wali na hotuba ndefu. Kwa wanawake mlango ukishafungwa, jilbabu zinatundikwa, nywele zinaachiwa, dhahabu inatoka kabatini, na hata mama mkwe aliyenuna mwaka mzima anacheza mpaka ashikwe mkono akalishwe.

Hakuna mwanamume mwenye kamera anayevuka mlango huo, ndiyo maana Fartun alikuwa na kazi na kazi haikumwishia. Lakini kila bibi harusi alimwapisha kwanza. Picha zisionwe na mwanamume, wala zisipandishwe mtandaoni. Fartun aliapa kila mara, na kila mara alimaanisha.

"Ipeleke kwa fundi," alisema Yarow, mumewe, karani wa ofisi ya maji aliyekuwa amekuja nyumbani kula chakula cha mchana. "Wanatoa kila kitu kilichomo, wanakuwekea kwingine. Kazi ndogo tu."

"Nani anatoa?"

"Fundi."

"Fundi huyo ni mwanamke?"

Yarow alitafuna kwanza. "Fartun, mtu wa kompyuta haangalii picha. Anaona majina ya mafaili, basi."

"Ungekuwa wewe ndiye fundi, hungeangalia?"

Weris, mama yake Yarow, alikuwa amejilaza kwenye mkeka mlangoni akitafuta upepo. Alicheka bila kufumbua macho. "Jibu basi. Umeulizwa."

Yarow alimwaga sosi juu ya wali wake, akala kama mtu anayefanya kazi ya kibarua.

Simu ikaita. Fartun alijua ni nani kabla ya kuitazama. Roda, mwenye duka la nguo na manukato pale sokoni, alikuwa akipiga kila siku kuulizia filamu ya harusi ya binti yake, Ruweyda. Haikuwa haraka ya kawaida. Kwenye harusi ile, mama yake Roda, Ayeeyo Kinsi, yaani Bibi Kinsi, alisimama katikati ya wanawake na fimbo yake, akaimba buraanbur, yale mashairi ya wanawake, akawataja wazee wa bibi harusi mmoja baada ya mwingine pasipo kukosea. Kisha akafa kabla hina ya mjukuu wake haijafifia.

"Habaryar, imebaki kidogo," Fartun alisema. Alimwita habaryar, mama mdogo, kwa heshima tu. "Nakamilisha."

"Unakamilisha tangu lini, mwanangu? Nataka kusikia sauti ya mama yangu. Sitaki mapambo."

Hadiski ikagonga tena. Fartun aliifunika kwa kiganja, kana kwamba Roda angeweza kuisikia.

*

Muuzaji wa kompyuta alikuwa na ndevu zilizochanwa vizuri na maneno mengi, na maneno yote aliyaelekeza kwa Yarow. Fartun akiuliza, Yarow ndiye aliyejibiwa.

"Mzee, chukua hii," alisema, akigonga mashine kubwa iliyofanana na kabati la dawa. "Diski nne, feni mbili. Nafasi humalizi wewe, na bei ni ya chini."

"Diski zake zinazunguka?" Fartun aliuliza.

"Zinazunguka, ndiyo, mzee. Au kama hutaki mashine kabisa, weka mtandaoni. Unalipa kwa mwezi, huna wasiwasi wa joto wala vumbi."

"Mtandaoni hapana," Fartun alisema. "Zinazozunguka pia hapana. Inayozunguka ndiyo inaniua sasa hivi. Hiyo ndogo je?"

Ile ndogo ilikaa rafu ya juu, haizidi mkebe wa chakula cha mtoto wa shule. Muuzaji aliiteremsha shingo upande. Ndani yake mlikuwa na SSD mbili, diski zisizo na kitu chochote kinachozunguka, na kila kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa na kwenye nyingine. Haikuwa na feni, haikuwa na kelele. Umeme iliokula ulikuwa mdogo kiasi kwamba stima ya kampuni ikipotea, kama inavyopenda kupotea, ile betri ya sola ya nyumbani ingeibeba siku nzima pamoja na taa na rauta.

Yarow alitazama bei, akamvuta mkewe pembeni. "Kubwa ni nusu ya bei na ina nafasi mara nne. Wewe unataka kulipa zaidi upate kidogo?"

"Kubwa itakula betri yote kabla ya alasiri. Itachemka. Itameza vumbi la Garissa mpaka igonge kama hii. Yarow, nataka kitu cha kukaa nyumbani kimya, kisichofika kwa fundi, kisichotoka nje ya mlango wangu. Hicho tu."

Wakati wa kulipa, Yarow alitoa simu yake kwa mbwembwe, kisha akakumbuka salio lake, akairudisha mfukoni akijifanya mtandao umesumbua. Fartun alilipa na zake. Muuzaji aliona. "Siku hizi benki zimehamia kwa akina mama," alisema, na Yarow akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kwenye umati.

"Nije niwafungie?" muuzaji aliuliza. "Ni bure."

"Hapana," Fartun alisema. "Hapana?" alisema muuzaji kwa mshangao, na hilo ndilo neno pekee alilomjibu Fartun mwenyewe siku hiyo.

*

Sasa hapa ndipo watu wawili wema walipofanya kosa, na nitalieleza polepole kwa sababu hakuna aliyetaka ubaya.

Yarow alijua kompyuta kidogo kuliko alivyosema, lakini alijua kuliko Fartun. Kufunga kisanduku ilikuwa kazi yake. Shida ni kwamba laptopu iliyounganishwa na kisanduku ilijaa picha ndogondogo za wake na mabinti wa watu. Yeye ni mume wa Fartun, si mume wao. Basi Fartun alitundika pazia katikati ya chumba. Yeye akakaa upande wa laptopu, Yarow akakaa upande wa pili, mgongo kwenye pazia, akisoma maelekezo kwenye simu yake. Fartun alisoma kilichoandikwa kwenye skrini, Yarow alitoa amri. Weris aliwaona akasema hajawahi kuona ndoa nzuri namna hiyo.

"Imeandika jina."

"Weka lako."

Akaandika FARTUN.

"Imeuliza Wi-Fi."

"Tia ya nyumbani."

Wi-Fi ya nyumbani ilikuwa yao kwa malipo tu. Ramadhani iliyopita Weris aliwapa majirani wote watatu paswadi, mlango kwa mlango, pamoja na sambusa. Alisema ni aibu nyumba kuwa na kitu kinachopita ukutani chenyewe, halafu ukamnyima jirani. Hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha Ramadhani ilipokwisha. Utamwambiaje jirani kwamba wema wako ulikuwa wa mwezi mmoja?

"Imeuliza: ruhusu vifaa vya nyumbani vione picha na video?"

"Vifaa vya nyumbani si ni laptopu yako? Kubali."

"Imeandika maneno mengine chini."

Adhana ya magharibi ilianza msikiti wa karibu, kisha wa mbali ukaitika. Yarow alishasimama. "Kubali zote, Fartun, tuswali."

Alikubali zote.

Walipotoka kuswali, harusi zilikuwa zinahamia. Hadiski iligonga, ikagoma, ikaendelea, na faili la Ruweyda likapita zima. Kesho yake hadiski ilinyamaza moja kwa moja, haikuwaka tena. Siku hiyo hiyo stima ilikatika mtaa mzima. Fartun alikimbilia kisanduku akakuta kile kitaa chake cha bluu kinawaka kwenye betri ya sola bila wasiwasi. Aliweka sikio juu yake. Hakusikia chochote. Akafurahi mno, akambusu mama mkwe wake utosini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe.

*

Gumato alileta maziwa asubuhi kama kawaida. Alikuwa Mborana aliyekulia Wajir, jirani wa ukuta mmoja, na yeye na Fartun walisemezana Kiswahili kwa sababu ndicho walichokuwa nacho wote wawili. Aliweka mtungi chini lakini hakuondoka.

"Fartun. Hiyo harusi umetuletea, ni ya sisi kuangalia?"

"Harusi gani?"

"Ile iko kwa TV. Watoto walikuwa natafuta katuni. TV ikaandika Fartun, Fartun, wakafungua. Mimi naona wasichana ya watu, kichwa wazi, wanacheza. Nikasema, hii si ya duka. Hii ni ya huyu jirani."

Fartun alikiweka kikombe alichoshika chini taratibu sana.

"Nani ameona?"

"Mimi na hao watoto. Mume yangu Jatani iko Wajir na mifugo, wewe unajua. Nimezima." Gumato alimtazama usoni, akapunguza sauti. "Lakini kama imefika kwangu, dada, imefika hapo mbele pia."

Fartun alikimbia ndani akachomoa waya. Kwa kuwa kisanduku hakikuwa na kelele, hakuna kilichobadilika chumbani. Kitaa cha bluu kilizimika, basi. Alikaa sakafuni na waya mkononi.

Yarow alipoitwa kutoka kazini alisoma simu yake akiwa wima, midomo ikimchezacheza, kisha akakaa. Ile ya vifaa vya nyumbani, alisema. Haikuwa na maana ya laptopu. Ilimaanisha kila TV na kila simu iliyo kwenye Wi-Fi.

"Ulisema kubali," Fartun alisema.

"Ulisema kuna maneno mengine chini. Ungeyasoma."

"Ulisema adhana! Ungegeuka mara moja tu ukaangalia skrini, Yarow, mara moja!"

"Si wewe uliyeniapisha nisigeuke?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hicho ndicho kilichowachoma. Weris, aliyekuwa amekaa kati yao na tasbihi yake, alisema kwa sauti ndogo, "Na paswadi nilitoa mimi," na hakuna aliyemkatalia wala kumfariji.

Nyumba zilikuwa tatu. Ya Gumato ilishajulikana. Ya pili ni ya mzee Bishar, mgane wa umri mkubwa, imamu wa zamani aliyenunuliwa TV kubwa na binti yake aliye ng'ambo. Ya tatu walipanga wanafunzi wa chuo, vijana wa kiume tupu, na simu zao hazikuzimwa hata wakilala.

"Tuwaulize," Weris alisema.

"Tuwaulize nini, hooyo?" Yarow alimuuliza mama yake, akiinuka. "Samahani, mmeona mabinti za watu bila hijabu kwenye simu zenu? Asiyejua ataanza kutafuta. Kuuliza ni kutangaza."

"Na tusipouliza?"

"Waya umechomolewa. Nabadilisha paswadi sasa hivi. Imekwisha." Alimgeukia mkewe. "Roda mpe filamu yake. Usimwambie kitu. Unajua ukoo alioolewa Ruweyda? Kwa neno moja tu, ndoa ya mtoto inakuwa mkutano wa wazee. Utasaidia nani?"

Fartun alijua Yarow anamwogopea Ruweyda kidogo, na anaiogopea kazi ya mkewe zaidi, ile iliyolipa kodi na chakula wakati mshahara wake ulipochelewa. Hakumchukia kwa hilo.

Yarow alibadilisha paswadi. Muda si muda watoto wa Gumato walifika getini na simu ya mama yao, wenzao wa mtaa nyuma yao. "Yarow, Wi-Fi imeenda wapi? Mmetunyima?" Mmoja mkubwa akasema, "Wamepata pesa hao," na wenzake wakacheka. Yarow aliwapita akiinamisha kichwa, akaenda kwa wanafunzi. Alimkuta Ahmednoor, aliyekuwa kama msemaji wao, akipiga mswaki nje.

"Niaje, adeer," alisema kijana, akimwita baba mdogo kwa heshima.

"Salama. Nilitaka kujua tu, hiyo Wi-Fi... jana na juzi ilikuwa sawa?"

"Jana? Ilikuwa fiti sana, walahi." Ahmednoor alitema povu, akapangusa mdomo. "Mpaka wasee wote wa hapa ndani walikuwa wanashangaa. Saa hii ndiyo imepotea."

"Walikuwa wanashangaa nini?"

"Si ilikuwa inaenda mbio." Kijana alimtazama, akatabasamu. "Kwani kuna nini, adeer?"

"Hakuna."

Yarow alirudi na lile tabasamu kichwani, akaligeuza kila upande. Lilikuwa tabasamu la kijana anayeongea na jirani. Au lilikuwa tabasamu la kijana aliyeona. Alimweleza Fartun neno kwa neno, hata namna alivyotema povu, na bado hawakupata jibu.

Walikuwa bado wanabishana waliposikia salamu mlangoni. Mzee Bishar alisimama pale, jasho likimtiririka ndevuni, amekumbatia kitu kikubwa bapa kilichofungwa kwa shuka la kitanda. Alikuwa amekivusha uwanja mzima, mbele ya watoto wote wa getini, na sasa watoto walikuwa wamesogea nyuma yake waone.

"Nipokeeni, mikono imekufa."

Yarow alipokea. Ilikuwa TV.

"Ina kitu chenu ndani," mzee alisema alipokwisha kukalishwa na kupewa maji. Hakutazama upande wa Fartun. "Nilikuwa natafuta habari. Nikaona bibi amesimama na fimbo anaimba, anataja watu, wengine niliwajua, nilisafiri nao na mifugo. Nikakaa nikamsikiliza. Sikujua ni amana ya mtu, wallahi, nilidhani ni kipindi cha serikali. Kisha akaanza kuita wasichana waingie. Nikageuza uso. Sikujua kuizima, mjukuu ndiye huizima, nikaitupia shuka na kuing'oa ukutani." Alikunywa maji yote. "Sitalala na nywele za watoto wa watu nyumbani kwangu. Toeni kilicho chenu, kisha mnirudishie. Au msinirudishie, si neno."

Yarow alifungua mdomo kumweleza kwamba ndani ya TV hamna kitu, kwamba ilikuwa inaonyesha tu kilicho kwenye kisanduku. Weris alimkanyaga mguu.

"Tutatoa, adeer," Fartun alisema. Machozi yalimtoka mbele ya mgeni na hakuyafuta. Mzee ambaye hakuapa chochote alikuwa amebeba TV juani ili kuirudisha amana, na yeye aliyeapa alikuwa anafundishwa kunyamaza. Aliingia chumbani, akakifunga kisanduku kwenye mtandio pamoja na laptopu, akavaa jilbabu.

"Unaenda wapi?" Yarow aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa Roda."

"Fartun, fikiri."

"Nimefikiri."

Yarow alitaka kumshika mkono, lakini mzee Bishar alikuwa anatazama. Akabaki na mkono hewani, kisha akautumia kumfungulia mlango.

*

Roda alikuwa amemngoja. Aliposikia kwenye simu kwamba Fartun anakuja, na kwamba anaomba Ruweyda awepo, alidhani filamu imekamilika. Alifunga duka mapema. Sebule ilifukizwa ubani wa uunsi, halwa ilikuwa mezani, chai ya viungo ilikuwa kwenye chupa. Ruweyda alikuwa ameketi kwenye mto wa kukalia, amevaa vazi jipya la mwanamke aliyeolewa juzi, anatabasamu. Fartun aliona vyote hivyo akatamani ardhi imchukue.

"Umeileta?"

"Nimeileta, habaryar. Lakini kuna jambo kwanza."

Aliwaeleza akiwa amesimama. Hakutaja pazia wala adhana wala Yarow. Alisema yeye ndiye aliyekubali kila kilichoulizwa.

Uso wa Roda ulikauka. "Nani ameona?"

"Jirani yangu Gumato na watoto wake wadogo. Mzee Bishar ameona ayeeyo anaimba, mpaka wasichana walipoitwa, kisha akageuka. Namwamini. Na kuna nyumba ya wanafunzi. Hao sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Nikiwauliza nitawaonyesha cha kutafuta."

"Uliapa katika chumba hiki hiki."

"Niliapa."

Roda aliinua bakuli la halwa, akalirudisha jikoni, akarudi mikono mitupu. Kwa mama wa nyumba ya Garissa hakuna kofi kubwa kuliko hilo. Fartun aliendelea kusimama.

"Ifute," Ruweyda alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. Roda alimgeukia. "Bibi yako yumo mle."

"Na nywele zangu zimo. Na mama mkwe wangu yumo, hooyo, alicheza kuliko sote, alivua mpaka soksi. Akisikia, atamlaumu Fartun? Atasema ni harusi ya upande wangu, ni mtu wa upande wangu aliyeletwa na kamera." Alijigonga kifuani. "Mimi ndiye nitakayekaa nyumba ile."

"Kilichotoka kimetoka. Kufuta hakurudishi."

"Basi kisitoke tena."

"Kuna nakala nyingine?" Roda alimuuliza Fartun, na swali lilikuwa karibu ombi. "Kwenye ile ya zamani?"

"Ya zamani imekufa. Hii tu."

Roda alikaa chini. Kwa muda hakuwa mwenye duka wala mama wa mtu, alikuwa mtoto aliyefiwa. "Sina hata picha yake nzuri," alisema. "Alikataa picha maisha yake yote. Siku ile tu alikubali, kwa sababu uliapa."

Fartun alikaa sakafuni bila kualikwa. Alitoa kisanduku, akakiunganisha kwa waya kwenye laptopu, pasipo Wi-Fi ya mtu yeyote. "Naweza kukata," alisema. "Ayeeyo abaki. Wengine wote waende."

Hawakumkataza, kwa hiyo alianza. Ilikuwa kazi anayoijua. Alipitia harusi nzima kwa mara ya mwisho, na wale wawili wakasogea nyuma ya mabega yake, kwanza kwa ukali, kisha kwa sababu hawakuweza kujizuia. Ruweyda alijiona akiingia na taa. Alijiona akicheka, dhahabu ikimgonga kifuani, nywele zimefika kiunoni. Mama mkwe alitupa soksi, na Roda akatoa kicheko kabla ya kukumbuka. Kisha kipande hicho kikatiwa alama ya kufutwa, na kinachofuata, na kinachofuata. Fartun alikuwa amekesha juu ya kila kimoja. Alikata alipokwisha ayeeyo, pale pale mzee Bishar alipogeuza uso.

Laptopu ikauliza kama ana hakika. Fartun aliondoa mkono wake. "Safari hii someni wenyewe," alisema. "Mpaka chini."

Ruweyda alisoma mpaka chini, midomo ikitembea. Akabonyeza. Kisanduku kikafuta kwenye diski ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kimya kama kilivyofanya kila kitu.

"Na wengine?" Roda aliuliza. "Mabibi harusi wengine waliomo humo. Umewaambia?"

"Nyinyi ndio wa kwanza."

"Utabaki na kazi?"

"Sidhani."

Roda hakusema pole, wala hakusema stahili yako. Aliinuka akafunga mlango wa mbele kwa komeo, ingawa hakukuwa na haja tena. "Kabla hujaenda kwao," alisema, "niwekee mama."

Fartun akaweka. Ayeeyo Kinsi alisimama peke yake kwenye skrini, kamera imemsogelea yeye tu, mtandio wa kijani begani, makofi ya wanawake wasioonekana yakimsindikiza. Aliimba. Aliwataja baba za Ruweyda, akawataja mama zake, akarusha fimbo mkono huu na kuidaka kwa ule, na Roda alitaja majina pamoja naye bila kutoa sauti. Mwishoni bibi alihema, akacheka, akageukia pembeni na kunyoosha mkono wake mwembamba kumwita mtu. "Ruweyda," alisema. "Ingia, mwanangu. Usinionee haya. Njoo tucheze."

Skrini ikawa nyeusi.

Ruweyda alikuwa ameinua mkono wake nusu, kisha akaushusha mapajani.

"Rudia," Roda alisema.

Fartun akarudia. Bibi akaimba, akanyoosha mkono tena, na tena hakuna aliyeingia.